Nilimtafutia Mjapani Mtani

Bi Helena mpendwa, shikamoo. Nakuomba msaada, na nakuomba sana barua hii uisome hewani kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo ndege inaondoka Mtwara na mtu ninayekuandikia habari zake naye anaondoka, na uisome saa ile ile ya kipindi chako cha jioni maana mwenyewe huwa anakusikiliza ili ajifunze Kiswahili, ingawa tangu yatokee haya sijui kama redio yake anaifungua.

Mimi ni mama wa hapa Mikindani, nina mume, Abdulrahmani, na binti mmoja, Nasra, aliyeolewa mwezi huu huu, na nyumba yetu ina vyumba viwili vya uani ambavyo tangu mwaka jana, 2003, wanakaa wanafunzi wawili wa chuo kikuu, mmoja binti wa Kijapani anaitwa Noriko na mwingine kijana wa Kikorea anaitwa Minho, waliokuja kila mmoja na chuo chake kuchunguza wanavyoishi watu wa ng'ambo zote mbili za Ruvuma, nani anarithi kwa mjomba na nani kwa baba, nani akioa anahamia kwa nani, na wakirudi kutoka kivukoni Kilambo na matope mpaka magotini wananiuliza mimi, nami nawajibu, lakini Bi Helena, mtu akikuchunguza mwaka mzima na wewe utamchunguza, macho si unayo.

Kwa hiyo na mimi nina utafiti wangu. Nchi zao ni jirani kabisa, zimetenganishwa na kibahari tu, na ukiwaona mara ya kwanza utasema hawa mtu na dada yake, mume wangu mpaka leo anasema hivyo, lakini wapi. Wote wanavua viatu mlangoni, hapo sina neno. Wote wanakula wali kwa vijiti, ila Mjapani bakuli analinyanyua mpaka kidevuni na Mkorea akimwona anageuza uso, anasema kwao bakuli linakaa mezani na kulinyanyua ni kukosa adabu, na yule anasema kwao kuliinamia bakuli ndiyo kula kama mbwa, basi kila siku vita baridi mbele ya mchuzi wangu. Mkorea pilipili anatafuna kama tango, Mjapani machozi yanamtiririka na anasema ni kali kidogo. Mkorea siku ya kwanza tu kaniuliza umri wangu, eti asije akaniita vibaya, Mjapani mwaka umekwisha hajauliza. Mkorea akiumwa jino mtaa mzima unajua, Mjapani kila kitu kwake ni kidogo, maana malaria ilimlaza akashindwa kusimama, tukambeba mimi na Nasra mpaka zahanati, njiani namuuliza mwanangu unajisikiaje, ananijibu naumwa kidogo.

Nawapenda wote wawili lakini Noriko ananiita mama, na alikuwa aondoke baada ya Iddi ya kuchinja kwa sababu alinambia mama, baba yangu anaumwa kidogo, nami nikamwambia kama ni kidogo si usubiri harusi ya dada yako, sare nimeshanunua, binti yangu haolewi wewe ukiwa angani, akacheka akasubiri, na harusi ikafana, yeye na sare yake ndiye aliyemshika Nasra mkono, picha ninazo. Wiki iliyofuata simu ikaja. Baba yake amefariki. Na mvua hizi barabara ya Dar imekatika na ndege ya karibu ilikuwa imejaa, mpaka afike kwao watu watakuwa wameshatawanyika.

Bi Helena, hakulia. Alikaa kitandani akaikunja ile sare ya harusi, akaikunjua, akaikunja tena, mimi nimesimama mlangoni naogopa, maana mfiwa asiyelia huwa anaumwa baadaye. Nikatandika mikeka uani, nikawaita majirani, nikabandika chungu. Abdulrahmani akasema huyu si wa dini yetu, nikamwambia mikeka ni yangu. Wanawake wakaja wengi, na wakishakaa wakaanza kuulizana, jamani, na mtani wake nani? Kwa sababu kwetu msiba bila mtani wa kuja kumsema marehemu na kuwavunja watu mbavu unaonekana kama marehemu hakuwa na watu.

Na mimi jibu nilikuwa nalo. Siku za nyuma nilimuuliza Minho, ninyi na Wajapani mlipigana? Akasema walitutawala, mama, miaka mingi, babu yangu walimlazimisha hata jina abadilishe. Nikawaza, ni majirani, walipigana, mmoja akamtawala mwenzake, leo wanakula meza moja na kugombania bakuli, kama huo si utani ni nini, mbona Wangoni walikuja wakawapiga watu wa huku na leo ni watani wakubwa? Nikamwita Minho jikoni nikamfundisha. Akaelewa upesi, akasema mama, kisiwani nilikozaliwa pia usiku wa msiba watu huigiza mambo ya kuchekesha ili wafiwa wacheke. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Na Wajapani nao?" Nikamwambia, "Si majirani zenu?"

Akajifunga kanga, akaingia uani anapiga mayowe, akajilaza katikati ya mikeka, akasema hatoki mpaka marehemu amletee chai yake mwenyewe, wanawake hoi. Halafu akalitoa neno nililomfundisha mimi kwa mdomo wangu, akamwambia Noriko, "Mzee kachoka kukusubiri, kaona afe zake!" Uani wote ukaangua kicheko. Noriko akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Ni kweli." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo Noriko kwangu ni asante na samahani tu. Sahani naikuta mlangoni imefunikwa kama nilivyoiacha. Minho anakaa nje ya mlango ule na yeye hali, anasema Noriko akishaondoka yeye naye anavuka Ruvuma na hapa harudi. Abdulrahmani anasema niache, wageni huondoka. Nasra anasema ninunue zawadi. Mimi nakuuliza wewe, Bi Helena, je, nilikosea, au ni Wajapani ndio hawajui mzaha? Na nifanyeje, maana mtoto huyu akipanda ndege hivi alivyo, mimi picha za harusi nitazitazama vipi?

Ni mimi Fauzia, Mikindani.

Bi Helena anajibu

Marahaba, Fauzia. Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaiweka chini. Umenichekesha na umenikasirisha, na sasa utanisikiliza.

Unauliza kama Wajapani hawajui mzaha. Waache Wajapani. Utani hautangazwi na mtu mmoja jikoni na mwiko mkononi. Utani ni maafikiano ya pande mbili, kwamba yale tuliyofanyiana tumeyamaliza na sasa tunaweza kutukanana bila mtu kuumia. Wangoni na watu wa huku walikaa, wakazikana, wakaoleana, ndipo mdomo ukaruhusiwa. Hawa wawili nani kakwambia wameyamaliza ya kwao? Kijana anakueleza babu yake alinyang'anywa jina, wewe unasikia utani! Na alipokuuliza, "Na Wajapani nao?", hapo ndipo ulipotakiwa kusema sijui. Neno fupi tu, lakini lilikushinda.

La pili. Hata huo utani wenyewe umemfundisha nusu. Siku tunamzika mama yangu kule Masasi, mtani wetu Myao aliruka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka mama amrudishie jogoo wake. Nilitamani nimfukie humo humo, na mimi nimezaliwa katika mambo hayo. Lakini kaburi lile alilichimba yeye. Maji ya msiba alichota yeye, kuni alipasua yeye, na watu walipoondoka alibaki yeye anafagia. Mdomo wake tulimvumilia kwa ajili ya mikono yake. Wewe Minho umempa mdomo, jembe ukabaki nalo.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Kuna jambo umelipenyeza katikati, baada ya vijiti na pilipili, ukapita haraka haraka kana kwamba sitaliona. Nimeliona. Mtoto alikwambia baba yangu anaumwa kidogo. Na mistari michache juu yake umeandika mwenyewe kwamba malaria ya kubebwa aliiita kidogo. Fauzia, ulikuwa umeshamaliza utafiti wako! Uliijua kidogo ya Noriko kuliko mtu yeyote Mikindani nzima. Ila siku ile ilikufaa iwe kidogo ya kawaida, kwa sababu sare zilikuwa zimeshanunuliwa. Sikuhukumu, ningeweza kufanya hivyo hivyo, harusi huwa inatupofua sote. Lakini usije ukasema hukujua.

Ndiyo maana alikutazama wewe. Hakumtazama Minho mara mbili, alikutazama wewe.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, redio ikishazimwa. Zawadi hununui. Nasra mwambie ahsante kwa wazo lake. Nenda mlangoni kwake na sema kwa sauti ya kawaida: "Ulibaki kwa sababu mimi nilikuomba. Ulinambia baba anaumwa, na mimi sikutaka kusikia." Ukishasema hayo nyamaza. Usimwombe akusamehe papo hapo ili wewe upate kulala, huo nao ni uchoyo. Akinyamaza na wewe nyamaza, kaa hapo hapo chini.

Akifungua, muulize kwao msiba unakaliwa vipi. Unajua anavyoshika bakuli, unajua anavyokula pilipili, hukumuuliza anavyolia. Muulize kama wana siku kama arobaini yetu, ni siku gani, na nini kinafanyika. Siku hiyo ikifika yeye atakuwa kwao, lakini mikeka yako wewe itandike, na safari hii utandike kwa namna atakayokueleza. Abdulrahmani akisema wageni huondoka, mwonyeshe picha, amtafute mgeni humo ndani kwa kidole.

Minho asiruhusiwe kukaa tu mlangoni. Mpe ufagio. Mpe ndoo. Awaombe wanawake wale wale walioangua kicheko wamfundishe kupika uji wa mchele, na aupike yeye, bakuli ulipeleke wewe mlangoni. Jumamosi ambebee Noriko mizigo mpaka kwenye ndege, na mdomo wake aufunge. Kama kuna la babu yake la kuzungumza, watazungumza wenyewe, wana umri wa kutosha na wana shahada zao, wewe usiwe tena mshenga wa vita vya watu.

Na sasa, Fauzia, sogea pembeni kidogo, nina neno na binti yako.

Noriko, mwanangu, kama redio yako iko wazi, nitasema polepole. Pole sana. Sisemi pole kidogo. Kiswahili chako nimesikia ni kizuri, lakini kuna mahali umekosea, na kosa si lako, hakuna aliyekufundisha. Kijana alikwambia baba yako alichoka kukusubiri, na wewe ukajibu, "Ni kweli." Msibani mtani hajibiwi hivyo. Mtani haruhusiwi kusema kweli. Akisema marehemu alikuwa mchoyo, sisi sote pale tunajua alikuwa mkarimu. Akisema marehemu alikuwa mvivu, tunakumbuka shamba lake. Angesema la kweli tungemfukuza, kwa sababu la kweli haliruhusiwi kufanyiwa mchezo mbele ya mfiwa. Hiyo ndiyo kanuni, na hata mtani wa kuokotwa jikoni kanuni inamfunga.

Kwa hiyo lisikie neno lile upya, ulisikie kama sisi tunavyolisikia. Baba yako hakuchoka.

Sasa fungua mlango, mwanangu. Mama yako atakuwa nje na bakuli la uji, na akikwambia umepoa kidogo, ujue umepoa kabisa.