Tuzo ya Baba Stella

Jumamosi, 5 Oktoba

Kipindi chetu cha redio kimeisha salama. Tuzo nne. Ile ya jirani anayekuja kuazima chumvi na sahani mkononi imekwenda kwa mama mmoja wa Chidya, mwenyewe kapiga simu kushukuru. Kombe letu ni sufuria iliyotoboka. Mtangazaji anaigonga kwa mwiko, inasikika mpaka Newala. Baba Stella kanipendekeza kwa Tuzo ya Ubwabwa Wenye Kokoto. Nimeshinda. Nami nikampendekeza yeye kwa suruali ya padri iliyotoka kwenye cherehani yake ikiwa kaptula. Koo zetu ni watani tangu mababu, kwa hiyo hakuna wa kununa. Malipo yetu soda.

Ila ametoka studio mara mbili kukohoa. Wasikilizaji nimewaambia kaenda kujipima kiuno. Kweli kiuno kimekwisha. Sijapenda.

Jumatano, 9 Oktoba

Baba Stella kalazwa hospitali ya Ndanda. Ini. Mkewe, Mama Stella, kanipigia asubuhi. Ile sauti yake ya kufundishia darasa zima haikuwepo. Nimefunga mgahawa nikaenda.

Nimemkuta kawa mdogo kitandani. Mkewe alipotoka kufuata uji, akanishika mkono. Hajapata kunishika mkono.

"Mama Shaibu, msibani unifanyie kazi yote. Na usilie mpaka uimalize."

Nikamwambia afe kwanza, asinipotezee nauli. Akacheka, kikamuuma kicheko. Nikaahidi.

Kazi yenyewe naijua. Mtani anamwiga marehemu, analizuia jeneza, anamtangazia aibu zake zote, ili waliofiwa wasizame. Nimeifanya misiba mingi, lakini kwa watu niliowajua kwa mbali. Nina hasira naye. Mtu gani anamwomba mwenzake kitu kama hicho na mkono wake bado una joto?

Jumamosi, 12 Oktoba

Kiti chake tumekiacha kitupu, kipaza sauti mbele yake. Nimempendekeza kwa Tuzo ya Mtoro. Simu zimemiminika, watu hawajui kuwa anaumwa. Sufuria ikagongwa, kashinda bila mpinzani.

Mama Stella kaniandikia: mgonjwa amesikiliza kwenye simu, amecheka, sasa kalala. Hilo neno "kalala" nimelisoma tena kwa woga.

Jumanne, 15 Oktoba

Amekufa alfajiri.

Nimechambua mchele mpaka ukaisha. Sijui niandike nini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tumemzika kwao, Chilangala, kando ya mikorosho yake. Watu wengi. Wengine wameacha korosho chini hawajaziokota.

Nilivaa koti lake, miwani yake puani, futi yake ya kupimia shingoni. Nikalala mlangoni, nikasema jeneza halitoki mpaka suruali ya mume wangu irudi. Wajomba zake wakanipa kuku nipishe njia. Nikapisha. Nikalipima jeneza kwa ile futi, nikatangaza kwamba safari hii fundi hakubana kitambaa. Watu wakacheka huku wanajifuta macho. Shangazi yake, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi, akacheka, kisha akaomba uji. Ndiyo maana kazi hii ipo.

Ilibaki tuzo. Sufuria nilikuwa nimeibeba kutoka studio. Pale kaburini nilipoinua mwiko tu, Mama Stella akaja akaushika.

"Mama Shaibu, mila naijua. Kwa wenzangu nimecheka nayo miaka yote. Kwa huyu siwezi. Naomba uniachie hapo."

Kuna waliosema kwa sababu ni mtu wa Bukoba. Si hivyo. Huyu alikuwa mumewe. Mjomba mkubwa akaniambia kwa Kimakonde niendelee, marehemu naye ana haki yake. Macho yote kwangu. Nikauweka mwiko chini.

Nimemsikiliza aliye hai, nimemdhulumu aliyekufa. Nikakaa na wanawake macho makavu, wao wanalia. Kazi haijaisha, na mimi niliahidi. Bila shaka wapo watakaosema sikumpenda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa ya kipindi chetu wamepiga kwaya. Nimezima redio. Nimeunguza wali. Mteja kanipa pole, nikamfokea, akaondoka hajamaliza chai. Kifua kimejaa na hakitoki kitu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mama Stella amekuja. Kaingia kwa mlango wa nyuma, wateja wameshaondoka. Nilidhani kaja kunisema. Nikampakulia, tukala.

Baadaye akauliza nilibakiza nini pale kaburini. Nikasema tuyaache. Akasema kila akilala anajiuliza, kwa hiyo nimwambie, na nimwambie kama ambavyo ningewaambia wale watu. Nikamwambia na ahadi ya Ndanda. Hakuwa anaijua. Akaniambia nisimame.

Nikasimama kati ya masufuria. Nikasema: Tuzo ya Kufika Mapema inakwenda kwa fundi aliyewaambia watu wote wa Masasi "njoo kesho". Sare alizitoa shule zimefungwa. Gauni la harusi alilikabidhi bibi harusi ana mtoto mgongoni. Kazi moja tu maishani mwake ameifanya kabla ya siku yake, na hiyo hakuna aliyemtuma.

Mama Stella akacheka, kwa pua, mara moja.

"Gauni hilo lilikuwa langu," akasema. "Na lilichelewa siku mbili tu."

Kisha akalaza kichwa mezani akalia. Nikavuta kiti karibu yake. Nikalia na mimi.