Shimo Nililopima kwa Kiganja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jiwe la upande wa mto limegoma. Opicho, msimamizi wetu hapa kwari, machimboni mwa mawe, ameamuru lichomwe kwa tairi kuukuu mchana kutwa, kesho tulipue. Kesho! Nimemwambia jiwe lililochomwa lingoje siku mbili. Iko baruti inayovumilia joto, ile ya visima virefu, hiyo hungoja amri. Yetu ya bei rahisi ikionja joto inajilipukia. Akanicheka, eti diploma ya kemia haipasui mawe. Mjinga yule!

Jumanne, 10 Juni

Mulwa amekufa.

Kipimajoto changu cha kupimia mashimo kilivunjika wiki jana. Alfajiri kulinyesha manyunyu. Opicho alikuwa ananifokea, nikaweka kiganja mdomoni mwa shimo la baruti — baridi. Nikaandika kwenye rejista: limepoa. Mulwa, mlipuaji wetu, akaanza kushindilia baruti, msaidizi wake Lusweti akimshikia waya. Waya haujaunganishwa hata — puu! Manyunyu yalipoza mdomo tu, ndani bado moto. Mulwa alirushwa hadi kwenye lori. Mkono wake tuliuokota mbali, saa bado imefungwa.

Opicho akatangaza kwamba Lusweti alikuwa anavuta sigara. Lusweti havuti! Nilinyamaza. Mungu wangu, nilinyamaza.

Alhamisi, 12 Juni

Vijana wa matangani kwa Mulwa walimvamia Lusweti mchana huu, hapa nje ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Kayole. Mateke, nyundo za kuchongea mawe. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alitambaa hadi mlangoni kwangu, nikamvuta ndani, nikatia komeo.

Sasa ameketi sakafuni kando ya jiko. Meno mawili hayapo. Nimemfunga kichwa kwa leso, imelowa. Anasema asante, dada, wewe peke yako unajua sikuwasha kitu. Nataka kumwambia nilipima kwa kiganja tu. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga mayowe.

Mawe kwenye mabati. Dirisha limepasuka. Vijana wale wanasema nimtoe ama wavunje mlango.

Muthama, kaka yake Mulwa, amewanyamazisha. Anaongea polepole, mdomo karibu na mlango.

"Kamene, nataka kujua kitu kimoja tu. Lile shimo, ulipima?"

Nimefungua mdomo. Lusweti ameniwahi.

"Alipima! Nilimwona kwa macho yangu!"

Maskini anadhani ananitetea. Kama nilipima, basi shimo lilikuwa limepoa, na mwenye kosa ni yeye. Huko nje wameelewa haraka kuliko yeye. Komeo limeanza kuachia, na mimi bado sijasema