Sufuria ya Uji Pale Kliniki

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Ibaba hatujambo. Mahindi yamekomaa, na babu yako anakohoa kidogo tu. Umeniuliza kama halmashauri yenu ifute fedha za kupikia watoto uji kliniki, mama zao wapewe unga wakapike nyumbani.

Mimi niligawiwa unga wa namna hiyo baba yako alipoanza kutambaa. Kwetu tulipika chungu kimoja, na wakwe walipakuliwa kwanza. Mtoto aliambulia kulamba mwiko. Hakuna aliyeiba; ndiyo heshima tuliyofunzwa. Nesi alipoanza kupika palepale kliniki, baba yako alikunywa mpaka akasinzia, kikombe mkononi.

Kama ni lazima kupunguza, punguzeni chai ya vikao vyenu. Sufuria ile iacheni.

Bibi yako