Kadi ya Kupokea

Jumanne.

Nilimwambia ukweli, lakini ni kwa sababu alikuwa haniangalii.

Dada Rehema, fundi wetu wa programu, alinituma Kabuga na redio moja ya mawasiliano. Yeye akabaki na nyingine karakana, Gikondo. Redio zetu ni za kadi kadi: ya kupokea, ya nguvu, ya programu. Ikiharibika moja, unatoa hiyo tu. Mimi ndiye nazipachika. Leo kazi yangu ilikuwa kuhesabu moja mpaka kumi na kusema kama namsikia.

Sauti yake iko inakwaruza tu. Akabadilisha programu ya redio yake mara tano. Nikafungua redio yangu, nikaona kadi ya kupokea haijaingia mpaka mwisho. Nikaisukuma. Sauti ikaja safi, nikamwambia namsikia.

"Afadhali," akasema. "Hii ya tano ndiyo naweka kwenye redio zote za mteja."

Nikabonyeza kitufe cha kuongea. "Dada, si programu. Ni kadi. Niliiweka vibaya mimi."

Nikaachia kitufe, nikajua kazi nimeipoteza.

"Umeniokoa wewe," akasema. "Kumbe unaongea?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, peke yangu, pale barabarani. Tukaongea mpaka betri ikakaribia kuisha. Nilimwambia hata habari ya mama yangu nyumbani.

Nilivyorudi Gikondo, alikuwa amekaa na wenzake. "Mtu wa Kabuga huyo. Njoo uwahadithie, kaka."

Wote wakaniangalia. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Viatu vyangu havina kamba.