Binamu wa Dirisha la Nne

Jumatatu, 6 Mei

Bosi kaniita ofisini. Nikadhani ni ile lifti ya benki tena, inayokohoa kila ikifika ghorofa ya tatu. Kumbe natumwa nje ya nchi! Miezi mitatu. Hospitali mpya, lifti mbili za kubebea vitanda vya wagonjwa, tangu shimo tupu mpaka kitufe cha mwisho. Nikajibu "sawa bosi" kama mtu aliyetumwa soda. Halafu nikaenda chooni nikacheza peke yangu.

Miaka yote hii nimetibu lifti walizofunga wengine. Yangu mwenyewe sijawahi kufunga hata moja. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote.

Sharti ni moja: viza ya kazi iwe mkononi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwisha. Ndege ni Jumapili. Isipotoka, anakwenda Nati. Nati ni fundi mwenzangu, mwembamba, hodari, mdomo mrefu. Yeye viza anayo, alikwenda huko mwaka jana na bado haijaisha. Jioni nimemkuta kwenye simu akiulizia bei ya masanduku. Nimemwambia asikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Kacheka, lakini simu hakukata.

Jumanne, 7 Mei

Nimejaza fomu mezani, huku Mama Mkubwa na Pacha wamenikalia kooni. Mama Mkubwa anataka kujua kama huko ni baridi. Sijui. "Basi beba soksi nyingi." Jirani naye kachungulia dirishani: kasikia nakwenda kutoa lifti nje, je, petroli nitajitegemea au wananipa? Nimemwambia wananipa. Karidhika, kaenda zake.

Mama yangu alifariki nikiwa kichanga. Mama Mkubwa, dada yake, ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Akanichukua, akatunyonyesha wote wawili, mimi na mwanawe. Tumepishana wiki tatu tu, mimi ndiye mkubwa. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Pacha. Jina lake la shuleni ilinibidi nimuulize ndipo niliandike kwenye fomu.

Mama: marehemu. Kaka: Pacha, kwa jina hilo la shuleni. Nikaweka sahihi, tukala.

Alhamisi, 9 Mei

Ofisi ya viza. Viti vya plastiki, feni moja, na kila mtu amekumbatia bahasha yake utadhani mtoto mgonjwa.

Mashine imekataa vidole vyangu. Kidole gumba, imekataa. Cha shahada, imekataa. Dada wa mashine akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nyaya na grisi, miaka tisa. Akanifuta kwa kitambaa, akanipaka krimu yake mwenyewe ya mkobani, akaniambia nibonyeze kama nasukuma gari. Ikakubali! Nimerudi kazini nanukia waridi. Mafundi wamenitania mpaka saa ya kutoka.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeitwa dirisha la nne. Afisa ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo, sauti ya upole. Upole ule ndio ulionitia wasiwasi.

"Binti, umeandika una kaka."

Ndiyo, mama.

"Amezaliwa wiki tatu baada yako."

Ndiyo, mama.

"Mwanangu, nimezaa wanne. Hilo haliwezekani."

Nikamweleza: ni mtoto wa mama mkubwa. Akashusha pumzi. Basi huyo si kaka, ni binamu. Nikamwambia hapana, binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa mama mkubwa ni kaka, hata yeye anajua. Akasema anajua sana, na nyumbani kwake ni hivyohivyo, lakini kompyuta ina nafasi ya kaka na nafasi ya binamu, na haikutengenezwa na mama yake.

Ilivyo sasa inaonekana nimedanganya. Niandike upya, na Pacha aje mwenyewe Alhamisi na kitambulisho, athibitishe kwa mdomo wake na aweke sahihi kwamba ni binamu yangu. Asipokuja, ombi linafungwa.

Nimewapa habari wakati wa chakula. Mama Mkubwa kacheka mpaka kashika ukuta. "Binamu! Kwani mimi nimekuwa mjomba lini?" Pacha hakucheka mara moja. Alitafuna kwanza. Halafu akasema, haya binamu, nisogezee chumvi.

Jumanne, 14 Mei

Umeamkaje, binamu. Maji ya kuoga yamebaki, binamu. Binamu, umekanyaga ndala zangu. Nitamuua huyu kabla ya viza.

Nilipita karakanani kwake mchana. Pacha ni fundi vioo. Nimemkuta mbele ya kioo kipya cha kabati, kifua mbele, anafanya mazoezi: "Huyu ni binamu yangu, mheshimiwa." Wateja wawili wanamsahihisha sauti. Nimecheka hadi machozi.

Nati kanunua sanduku. Lina magurudumu. Kalileta kazini "kulipima kwenye sakafu".

Jumatano, 15 Mei

Leo Pacha ameniita jina langu. Lile la kwenye paspoti. Hajawahi, tangu tujue kusema. Nikamuuliza vipi. Akasema anazoea tu, kesho asije akakosea.

Hapo utani ukaisha. Imeniuma, na nimeona imemuuma yeye zaidi. Nikasema basi niiache kazi, Nati aende. Akakasirika kwelikweli, akasema nisimfanye sababu. Mama Mkubwa akatukatiza wote wawili: "Nendeni mkaseme wanachotaka kusikia, mrudi mle."

Sikula vizuri.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika hapahapa kwenye benchi.

Tumefika mapema. Pacha kavaa shati lake la kupigia picha. Jambo la kwanza alilofanya ni kukagua kioo cha dirisha la nne na kuuliza gundi ile ya silikoni kaipaka nani, maana ni aibu. Nikamwomba anyamaze.

Wakamwita peke yake. Mimi nisubiri. Lakini kioo kile kina matundu, na benchi zima linasikia.

Afisa akapokea kitambulisho. Akamuuliza, huyu binti pale ni nani wako?

Pacha akageuka, akaniangalia.

Na mazoezi yote yale mbele ya kabati! Afisa akamwambia, taratibu tu, ni neno moja.

Pacha akasema: "Mama, ukitaka niseme binamu, nitasema. Namtakia hii safari kuliko anavyoitaka mwenyewe. Lakini umeniuliza ni nani wangu."

"Ndiyo. Nimekuuliza."

"Tumechangia ziwa."

Mzee aliyekaa pembeni yangu akasema "ah", polepole. Afisa akaweka kalamu chini. Akauliza, la mama yupi? La mama yangu, Pacha akasema. Yule pale alikuwa analia zaidi, kwa hiyo alitangulizwa. Watu wakacheka, na afisa naye nusura. Kisha akasema hilo halimo kwenye kompyuta, mwanangu. Pacha akasema anajua.

Afisa akazikusanya karatasi zetu zote, ile ya zamani na hii ya marekebisho ambayo bado haina sahihi, akaingia nazo mlango wa nyuma, kwa mkubwa wao.

Pacha ameketi hapa kando yangu. Ananiuliza kama ameharibu. Sijui! Nina hasira naye, na nina furaha, na sijui nianze na ipi. Nimempiga bega. Kanipiga na yeye. Nati ametuma ujumbe: hospitali ile ina ghorofa ngapi? Sijamjibu.

Mlango umefunguka. Afisa huyo. Kavaa miwani, karatasi ziko mkononi, uso hausomeki. Haiti namba. Haiti jina.

"Haya, ndugu. Njooni hapa. Wote wawili."

Pacha kashasimama. Naweka kalamu.