Picha Yako Ilipofika

Endagikot, Mbulu

Kaka Meshack,

Shikamoo. Natumaini barua hii, atakayokuletea Joakimu akirudi Muscat, inakukuta mzima kazini. Sisi huku tunapumua. Vitunguu saumu tumevuna, mvua imepungua, baridi ndiyo haitaki kutoka.

Kaka, zile siku tulizohangaika na kompyuta uliyomtumia mama, labda uliona nakusumbua mno. Mama alisema kioo cha simu ni kidogo, hakuoni vizuri, naye anataka kukuona. Kompyuta ikawaka, ikashika mtandao wa nyumbani, lakini kila nikikupigia kwa video inaandika hakuna intaneti, wakati simu yangu kwenye mtandao huohuo inafungua kila kitu. Nikazima kifaa cha mtandao na kukiwasha, nikakisogeza hadi dirishani. Nikafuta nywila na kuiandika upya. Wewe ukanielekeza kwa simu nifungue mipangilio, nami nikafungua pengine kabisa, nikalia ukinisikia. Ukaniuliza haraka ya nini, mbona mama yupo tu. Sikukujibu, kwa sababu mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu.

Mwishowe ukaniambia nitazame anwani ya mtandao, zile namba zinazoitambulisha kompyuta. Kumbe aliyekuwa na kompyuta kabla yetu aliiandika mwenyewe, ya huko kwake. Nikachagua kompyuta ijitafutie anwani yenyewe, na uso wako ukajaa kwenye kioo. Nilisema kwa sauti, "Mama, tazama kaka alivyofuga ndevu."

Mama akasema, "Zimekupendeza, mwanangu."

Ulicheka sana.

Kaka, mama hakukuona. Daktari alikuwa ametuambia kwamba presha ya macho imeshaharibu mishipa, na mwanga uliobaki hautakaa. Mama akanikataza kukuambia, akisema utaacha kazi. Jicho lililokuwa limebaki lilizimika asubuhi ya siku ileile, mimi bado nimo kwenye mipangilio. Alinishika mkono akaniambia niendelee tu, maana wewe nawe utataka kumwona. Ulipokata, aliniomba nimweleze ndevu zako zikoje, zimeanzia wapi, zina mvi au hazina. Nilieleza mpaka sauti ikakauka.

Sijui nimlilie nani, kaka. Omba ruhusa uje. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Njoo tu, ukae karibu naye, akushike uso.

Mama anakusalimia. Yuko nje juani, anapukuchua mahindi kwa kupapasa, hataki nimsaidie. Wasalimie wenzako unaoishi nao.

Mdogo wako,
Loveness