Bahari Niliyoichora Majengo

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki, na mimi nimejifungia chumbani kwangu, hapa mtaani Tena.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu ni kuchora kuta za vinyozi, bucha na hoteli. Mwanaisha, mwenye hoteli ya pilau kule Majengo, alitaka ukuta mzima uwe bahari ya kijijini kwao. Bahari iliyotulia, ndivyo alivyosema. Kabla sijaanza, dhoruba ikapiga pwani. Akanitumia video aliyorekodi jirani yao, nijue ufuo wao ulivyo, akaniachia ufunguo, akapanda basi kwenda kumchukua mama yake.

Video ile niliitazama mpaka simu ikaisha chaji. Naona aibu kusema hivi, lakini nilifurahi. Miaka yote nimechora bahari za kalenda, na hata Mombasa sijafika. Sasa nilikuwa na bahari yenye hasira. Habari ya kutulia nikaisahau kabisa. Siku nne nikapiga brashi kama mwenye wazimu: wimbi refu kuliko mlango, povu, minazi mitatu imelazwa chini. Watu wakaja kupiga picha.

"Aki msanii, hii ni noma! Hadi naskia maji," akaniambia kijana mmoja muuza mtumba. Nikavimba kichwa.

Kitu kimoja tu nilikiacha. Pembeni mwa video kulikuwa na nyumba ya makuti, maji yameshaingia ndani. Niliona inaharibu picha, nikairuka.

Leo wamefika. Mwanaisha alibaki mlangoni, mkono mdomoni. Nilingoja anifokee. Mama yake akampita, akausogelea ukuta, akaigusa ile minazi mmoja mmoja, kisha akasimama pale rangi inapoishia.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Nyumba yangu iko wapi, mwanangu?"

Nikainama kufunga ndoo ya rangi.

Halafu nikadanganya. Nilimwambia, "Nafasi haikutosha, Bibi."

Akanitazama kwa upole, na afadhali angenitukana.

"Ingetosha," akasema. "Ilikuwa ndogo."

Sikumbuki nilivyoaga. Nilitembea na mvua hadi nikajikuta mbali, ndoo ya rangi nimeisahau hotelini.

Sasa hivi nimefungua video tena. Safari hii nimetazama pembeni tu. Mlangoni mwa ile nyumba kuna mtu amesimama, maji yamemfika magotini, amejifunga leso ya manjano. Ndiyo leso aliyokuja nayo leo yule bibi.

Siku nne alikuwa mbele ya macho yangu, sikumwona.

Kesho nitakwenda kumwomba radhi kwanza. Akinikubalia nichore tena, nitaanza na yeye, halafu nyumba yake, na wimbi litachukua nafasi itakayobaki.